Mstari mweupe: Uingereza, Australia na ugomvi wa Ashes

Nikikutana na mtu anayefuatilia kriketi huwa simuulizi anashabikia timu gani, namuuliza kitu kimoja tu, Bairstow alikuwa auti, yani katolewa kihalali, au hakuwa auti? Akinijibu hapo nishamjua. Nimebishana hii kitu na watu mpaka simu ikaisha chaji, na kuna rafiki yangu mmoja hatujaelewana mpaka leo, tukikutana tunaongea mengine yote ila hilo tunalizunguka.

Kwa ambaye haijui, twende polepole. Ashes ni mfululizo wa mechi za kriketi kati ya Uingereza na Australia, na kila mechi yake ndefu inaitwa Testi. Tarehe 2 Julai 2023, uwanja wa Lord's, London, siku ya tano na ya mwisho ya Testi ya pili kati ya Uingereza na Australia. Uingereza wanafukuzia mikimbio 371, mikimbio ndo pointi za kriketi. Jonny Bairstow anapiga, ana mikimbio 10 tu, Cameron Green anamrushia mpira mfupi unaopanda, Bairstow anainama, mpira unapita juu yake unaishia kwenye glavu za kipa Alex Carey. Bairstow anakwaruza mguu chini ndani ya mstari, afu anatoka zake taratibu kwenda kuongea na kepteni wake Ben Stokes upande wa pili, kichwani mwake ova, ile mipira sita ya mrushaji mmoja, imeisha na mpira umekufa, yani mchezo umesimama. Kumbe Carey hakuwa ameushika ule mpira hata sekunde mbili, aliudaka na palepale akaurusha kwa chini ukaenda kugonga vijiti, na Bairstow yuko nje ya mstari anatembea. Mpigaji akiwa nje ya mstari mpira bado uko hai, vijiti vikigongwa katoka. Australia wakadai, mwamuzi wa tatu akaangalia video, auti.

Uwanja ukachafuka. Na Lord's sio uwanja wa kuchafuka, pale watu wanakaa na tai shingoni wanapiga makofi ya adabu. Siku hiyo walizomea mpaka mwisho, na wachezaji wa Australia walipokuwa wanapita kwenye ule ukumbi wa Long Room kwenda mapumziko ya chakula cha mchana, wanachama wa klabu ya MCC yenyewe, wenye uwanja, wakawatolea maneno usoni. MCC ikabidi iwaombe radhi Waaustralia na kuwasimamisha wanachama watatu. Mawaziri wakuu wa nchi zote mbili, Rishi Sunak na Anthony Albanese, nao wakaingia kwenye mabishano, kila mmoja na timu yake. Yani serikali mbili zinaulizwa kuhusu mguu wa mtu mmoja na mstari wa chokaa.

Mi msimamo wangu nausema mapema kabisa ili tusidanganyane. Alikuwa auti. Mpira haukuwa umekufa, Carey alirusha kabla Bairstow hajatoka, na Bairstow mwenyewe kwenye mechi hiyohiyo alikuwa amejaribu kumfanyia hivyohivyo Marnus Labuschagne. Lakini sijaandika kwa ajili ya kushinda ubishi. Naandika kwa sababu kuna kitu kilinishtua nilipoanza kusoma historia, kwamba Ashes yenyewe, ugomvi wote huu wa miaka zaidi ya 140, ulizaliwa na tukio karibu sawasawa na lile la Carey, tofauti ni kwamba mara ile aliyefanya ni Mwingereza.

Turudi Agosti 1882, uwanja wa The Oval, kusini mwa London. Hizi timu zilikuwa zimeshaanza kukutana tangu Machi 1877 kule Melbourne, mechi ambayo leo inahesabiwa ndo Testi ya kwanza kabisa duniani, Australia wakashinda kwa mikimbio 45 na Charles Bannerman akapiga 165 peke yake mpaka akaumia kidole akatoka. Ila kufungwa huko mbali, safari ya wiki na wiki kwa meli, Waingereza hakikuwauma kivile. Kwao nyumbani walikuwa hawajawahi kupoteza na hakuna aliyekuwa anafikiria kwamba watapoteza.

Uwanja ulikuwa umelowa, mpira unadunda unavyotaka wenyewe. Australia wakapata 63, Uingereza wakajibu na 101. Zamu ya pili Australia wanajikokota, Hugh Massie kawaokoa na 55 za haraka, na sasa ndani yuko kepteni Billy Murdoch na kijana mmoja anaitwa Sammy Jones. Murdoch akapiga, wakakimbia mmoja, Jones akafika salama akaweka gongo lake ndani. Afu akaona pale mbele udongo umevimba, akatoka nje ya mstari kwenda kuusawazisha, kitu ambacho wapigaji wanafanya kila siku. W.G. Grace wa Uingereza, yule bwana wa ndevu nyingi, jina kubwa kuliko yote kwenye kriketi ya wakati huo, mpira alikuwa nao mkononi. Akaangusha vijiti akamgeukia mwamuzi. Auti.

Kisheria ilikuwa sawa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini Waaustralia walichemka, na aliyechemka kuliko wote ni mrushaji wao Fred Spofforth, jamaa mrefu mwembamba waliyekuwa wanamwita Shetani kwa jinsi alivyokuwa anawafanya wapigaji. Inasimuliwa kwamba alimfuata Grace mpaka kwenye chumba cha Waingereza akamwambia ni tapeli na kwamba hilo litawagharimu mechi. Uingereza walikuwa wanahitaji 85 tu. Wakaanza vizuri, wakafika 51 wiketi mbili tu ndo zimeanguka, yani wapigaji wawili tu wametoka, Grace mwenyewe yuko ndani anapiga, zimebaki 34, watu washaanza kuwaza kurudi nyumbani. Na hapo ndo Spofforth akaanza kazi. Wiketi zikaanza kudondoka moja moja, afu mbili mbili, kuna muda zilipita ova na ova bila mkimbio hata mmoja, watu kwenye majukwaa kimya kabisa, inasemekana mmoja alitafuna mpini wa mwavuli wake bila kujua anachofanya. Uingereza wote nje kwa 77. Wamefungwa kwa mikimbio 7. Spofforth alichukua wiketi 14 kwenye mechi kwa mikimbio 90.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya mtu mmoja, C.T. Studd. Alikuwa mmoja wa wapigaji bora Uingereza, msimu huohuo alishawapiga Waaustralia senchuri, yani mikimbio mia, lakini siku ile kepteni wake akawa anamsogeza chini kwenye orodha, anamsogeza tena, mpaka akaingia wa pili kutoka mwisho. Mtu wa mwisho, Ted Peate, akaingia zimebaki 10, angegusa tu mmoja akampisha Studd apige, badala yake akazungusha gongo kwa nguvu zote, akapata mbili, afu vijiti vyake vikaanguka. Studd alikuwa amesimama upande wa pili hajarushiwa mpira hata mmoja. Na huyu Studd baadaye aliacha kriketi, akaacha na utajiri wa baba yake, akaenda kuwa mmishonari China, India, na mwisho Kongo, akafia Ibambi kule kaskazini mashariki mwaka 1931 na akazikwa hukohuko. Kila nikisoma habari za 1882 huwa namuwaza yeye, amesimama pale anaangalia.

Siku chache baadaye, Septemba 2, gazeti la The Sporting Times likatoa tanzia. Tanzia ya utani, aliyeiandika ni Reginald Shirley Brooks, Mwingereza mwenyewe. Ilisema kriketi ya Kiingereza imefariki The Oval tarehe 29 Agosti 1882, ndugu na marafiki wanaomboleza, mwili utachomwa moto na majivu yatapelekwa Australia. Basi. Mistari michache ya utani wa msibani kwenye gazeti, na jina ndo likatokea hapo, Ashes, majivu.

Baridi ya mwaka uleule kepteni wa Uingereza Ivo Bligh akapeleka timu Australia akasema kabisa anaenda kuyarudisha yale majivu. Wakiwa huko, kwenye jumba la familia ya Clarke linaitwa Rupertswood, pale Sunbury nje ya Melbourne, akina mama wa nyumba ile wakampa kijichungu kidogo cha udongo chenye majivu ndani, wengi wanasema ni ya kijiti kidogo kile kinacholazwa juu ya wiketi. Mmoja wa wale kinadada alikuwa Florence Morphy, mwalimu wa muziki wa familia, na Bligh akampenda, wakaoana 1884. Kwenye kijichungu pamebandikwa kishairi kilichokatwa gazetini, na kwenye majina yaliyotajwa kwenye kishairi kile yupo Studd, maana naye alikuwa kwenye ziara hiyo. Kijichungu kina urefu wa sentimita kama 11, kinaenea kwenye kiganja. Bligh alikaa nacho nyumbani mpaka alipofariki 1927, mjane wake akakikabidhi MCC, na toka hapo kiko Lord's.

Na hiki ndo kitu ambacho watu wapya wanashindwa kuelewa. Kile kijichungu hakitoki. Australia wakishinda kinabaki London, wakishinda mara nane mfululizo kinabaki London, maana kimechakaa na ni zawadi aliyopewa Bligh mwenyewe, hakikuwahi kuwa kombe la kushindaniwa. Kimesafiri kurudi Australia mara chache tu kwa maonyesho, kama 1988 na msimu wa 2006. Siku hizi mshindi anapewa kombe la kioo lenye umbo lake, na mashujaa wakishinda wanainua vikopo vya mfano vidogo vya mkononi. Unaona watu wazima, majitu yenye mabega, wanarukaruka wameshika kitu kidogo kuliko glasi ya chai, na wanalia kweli.

Taratibu zake zenyewe mi nazipenda. Testi tano, kila moja siku tano, wiki kama saba hivi za mateso. Ikiisha sare, anayeshikilia majivu anaendelea kuyashikilia, kwa hiyo kuna timu inacheza kushinda na nyingine inaweza kucheza ili tu isifungwe, na hilo linabadilisha kila kitu. Ikichezwa Australia kuna Testi ya Melbourne inayoanza siku moja baada ya Krismasi, uwanja unapokea watu zaidi ya elfu themanini, na hapo mi saa nane na nusu usiku niko macho, redio sikioni chini ya shuka ili nisiwaamshe wengine. Kuna ya Sydney mwanzo wa mwaka ambayo siku ya tatu uwanja mzima unavaa pinki kumkumbuka Jane McGrath, aliyefariki kwa saratani ya matiti 2008, mke wa mrushaji wa Australia Glenn McGrath. Kuna Barmy Army, wale mashabiki wa Uingereza waliopewa jina hilo na vyombo vya habari vya Australia kwenye ziara ya 1994-95 timu yao ikipigwa kila wiki, wakaamua kuimba zaidi kadri wanavyofungwa. Nawaheshimu sana hawa watu. Kushangilia timu inayoshinda ni rahisi.

Sasa tuje kwenye jeraha lenyewe, 1932-33. Ukitaka kuelewa kwanini Mwaustralia akisikia Mwingereza anamfundisha uungwana kwenye kriketi anawaka, anzia hapa.

Tatizo la Uingereza lilikuwa na jina, Don Bradman. Mwaka 1930 alikuja kwao akiwa na miaka 21 akapiga mikimbio 974 kwenye mfululizo mmoja, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa, na pale Headingley, uwanja wa Leeds, alipiga 309 kwa siku moja tu. Huwezi kumtoa. Douglas Jardine alipopewa ukepteni wa kwenda Australia akakaa na warushaji wake wa Nottinghamshire, Harold Larwood na Bill Voce, wakapanga. Mpira mfupi, wa kasi, unalengwa kwenye mwili wa mpigaji, mbavu, bega, kichwa, na upande wa mguuni unapanga wadakaji wengi kama ukuta. Mpigaji akijikinga, mpira unadakwa. Asipojikinga, unampiga. Na wakati huo hakuna helmeti, kuna kofia ya kitambaa tu. Magazeti yakaita Bodyline.

Sheria ilikuwa haikatazi. Naomba mkumbuke hilo, maana Jardine mwenyewe ndo hoja yake, na ni ileile ya Grace. Na sio kila Mwingereza alikubali. Gubby Allen, mrushaji wa kasi, alikataa katakata kurusha hivyo. Nawab wa Pataudi, mtawala wa Kihindi aliyekuwa anachezea Uingereza, ambaye alipiga senchuri kwenye Testi yake ya kwanza Sydney, alikataa kwenda kusimama kwenye ule ukuta wa wadakaji, na baada ya Testi ya pili hakuchezeshwa tena.

Adelaide, Januari 1933, watu zaidi ya elfu hamsini uwanjani. Larwood akampiga kepteni wa Australia Bill Woodfull karibu na moyo, jamaa akaacha gongo akainama kashika kifua. Jardine akamwambia Larwood kwamba amerusha vizuri, kwa sauti, ili Bradman aliyekuwa upande wa pili asikie. Na Woodfull aliposimama tena, Jardine akaamrisha wadakaji wahamie kwenye mpango wa Bodyline. Hicho ndo kilichowaua Waaustralia, zaidi ya ule mpira wenyewe. Jioni meneja wa Uingereza Pelham Warner akaenda kumpa pole Woodfull, na Woodfull akamjibu kwamba kuna timu mbili pale nje, moja inajaribu kucheza kriketi na nyingine haijaribu. Baadaye kipa Bert Oldfield akapigwa kichwani fuvu likapata ufa, japo mwenyewe aliungwana akasema ni kosa lake. Polisi walikuwa wamejiandaa uwanja usije ukavamiwa.

Bodi ya Australia ikatuma telegramu London, ikatumia neno moja zito, kwamba huu sio uanamichezo, na kwamba usipokomeshwa utaharibu urafiki wa nchi mbili. MCC, ambao ndo walikuwa wanaendesha kriketi ya Uingereza, wakachukia lile neno kuliko walivyojali mbavu za Woodfull, wakajibu kama vipi ziara ivunjwe. Ikabidi wanasiasa waingie kupoza. Uingereza wakashinda 4-1, Bradman wakamshusha wastani mpaka 56, kitu ambacho kwa mwingine yeyote ni maajabu na kwake ilionekana kushindwa.

Ila kinachoniuma mimi kwenye hadithi nzima ni Larwood. Alikuwa mchimba makaa ya mawe, kijana wa chini kabisa, alifanya alichoagizwa na kepteni wake. Akarudi nyumbani akaambiwa aombe msamaha, akakataa, akasema hana cha kuombea msamaha. Hakuchezea tena Uingereza. Jardine alirudi kuwa kepteni, Larwood hakurudi. Na mwaka 1950 alihamia, na familia yake yote, Australia. Sydney. Kati ya watu walewale aliowapiga mbavu, na aliyemsaidia kuhamia ni Jack Fingleton, mmoja wa wapigaji waliosimama mbele yake 1932. Walimpokea vizuri, akaishi hukohuko mpaka akafariki 1995. Sasa nani anaweza kukaa na kusema hawa watu wanachukiana?

Miaka iliyofuata siwezi kuimaliza yote. Bradman 1948 anaingia The Oval mara ya mwisho anahitaji mikimbio minne tu ili wastani wake wa maisha uwe 100, Eric Hollies anamtoa mpira wa pili, sifuri, wastani ukabaki 99.94 milele. Jim Laker wa Uingereza 1956 pale Old Trafford, uwanja wa kriketi wa Manchester, anachukua wiketi 19 kati ya 20 za mechi nzima. Headingley 1981, Ian Botham ambaye wiki mbili hivi nyuma ameachia ukepteni kwa aibu, anapiga 149 timu imeshakufa, kamari zilikuwa zinatoa 500 kwa 1, afu Bob Willis anachukua nane kwa 43 macho yamemtoka kama hayuko duniani, Uingereza wanashinda kwa 18. Baada ya hapo likaja giza, 1989 mpaka 2003 Australia wamechukua mifululizo minane bila kuachia, na katikati yake ule mpira wa kwanza wa Ashes wa mrushaji wa Australia Shane Warne Juni 1993 uliotua nje kabisa ya mguu wa Mike Gatting ukakata kona ukagonga kijiti cha upande wa pili. Uso wa Gatting siku ile, nimeuangalia mara nyingi sana, sio uso wa mtu aliyetolewa, ni uso wa mtu ambaye ameoneshwa kitu ambacho hakipo.

Na wanawake msiwasahau, manake Testi ya kwanza kabisa ya wanawake duniani ni hawahawa, Brisbane, Desemba 1934, chini ya miaka miwili tangu vita ya Bodyline. Mwaka 1998 walichoma gongo lenye saini za timu zote mbili pale Lord's, majivu yakawekwa ndani ya mpira wa mbao, hilo ndo kombe lao. Na mwaka huohuo, miezi miwili baadaye, MCC ndo ikapiga kura kukubali wanawake kuwa wanachama. Gongo lilichomwa kwenye klabu ambayo wenye gongo walikuwa hawaruhusiwi kujiunga nayo.

Mimi mwenyewe nilishikwa 2005. Edgbaston, Birmingham, Testi ya pili. Asubuhi ya siku ya nne Australia wanahitaji 107, wiketi mbili zimebaki, kila mtu anajua ni dakika kumi za kazi. Warne na Brett Lee wakaanza kupiga. Warne akakanyaga vijiti vyake mwenyewe kwa 42. Akaja Michael Kasprowicz, mtu wa mwisho, zimebaki 62, na zikawa zinapungua, hamsini, thelathini, kumi, mi nimekaa mbele ya redio tumbo linauma na nilikuwa sijui hata nusu ya sheria. Zimebaki tatu. Steve Harmison akarusha fupi, ikagusa glavu ya Kasprowicz, kipa Geraint Jones akaruka akadaka. Mikimbio miwili. Uingereza wamesalimika kwa mikimbio miwili. Na badala ya kukimbilia wenzake, Andrew Flintoff akamwendea Lee aliyekuwa amechuchumaa amebaki na 43 zake, akamshika bega akampa mkono. Ile picha iko kila mahali.

Lakini ukiangalia marudio polepole, mkono wa Kasprowicz ule uliogusa mpira ulikuwa umeshaachia gongo. Kisheria hakuwa auti. Hapakuwa na mfumo wa kuomba video enzi zile, mwamuzi aliinua kidole ikaisha. Australia wangekuwa mbele 2-0 na 2005 yote tunayoisimulia isingekuwepo. Waaustralia hawajaliimba sana hilo, na mi nawapa heshima kwa hilo.

Afu Trent Bridge 2013. Stuart Broad wa Uingereza akagusa mpira wa Ashton Agar, ukaenda ukadakwa slipu, pale pembeni ya kipa, ulimwengu mzima umeona, mwamuzi hakuona. Australia walikuwa wameshamaliza nafasi zao za kuomba video. Broad akasimama pale kama hakuna kilichotokea, akaendelea kupiga mpaka 65, na Uingereza wakashinda mechi kwa mikimbio 14. Alisema kazi ya kutoa mtu ni ya mwamuzi. Sawa, kweli ni kazi ya mwamuzi. Ila miaka kumi baadaye, Lord's, Bairstow ametoka kwa hasira, unajua nani aliingia baada yake? Broad. Akawa kila mpira ukipita anagonga gongo lake ndani ya mstari kwa maonyesho, anamuuliza Carey kwa sauti, akamwambia hilo ndo jambo pekee atakalokumbukwa nalo. Na kocha wa Uingereza aliyekuwa amekunja uso kwenye balkoni ni Brendon McCullum, ambaye mwaka 2006 akiwa kipa wa New Zealand alimtoa Muttiah Muralitharan hivyohivyo, Muralitharan ametoka mstarini kwenda kumpongeza mwenzake Kumar Sangakkara kwa senchuri. Baadaye McCullum aliomba radhi hadharani, na hilo namheshimu nalo.

Kwa hiyo mtu akiniambia Australia walivunja roho ya mchezo namuuliza roho ipi, ya Grace, ya Jardine au ya Broad? Na akija Mwaustralia anacheka namkumbusha kwamba mzee wao Spofforth mwaka 1882 hakucheka, alitukana. Kila upande umeshakaa pande zote mbili za huu ubishi, na kila upande ukikaa hapo unaamini kwa moyo wote. Stokes alisema yeye asingetaka kushinda namna ile na namwamini. Pat Cummins, kepteni wa Australia, alisema ilikuwa halali na naye namwamini. Siku ile Stokes akageuza ile hasira kuwa 155, sita tisa, yani mara tisa mpira umevuka mpaka bila kudunda, alikuwa anapiga kama anamfukuza mtu nyumbani kwake, na bado wakapungukiwa mikimbio 43.

Mfululizo ule uliishia The Oval, Julai 31, 2023. Uwanja uleule wa Grace na Jones. Uingereza walikuwa wameshinda Headingley, mvua ikawanyima Old Trafford, kwa hiyo majivu yalishabaki Australia, ilibaki kusawazisha tu. Broad alikuwa ametangaza jioni ya Jumamosi kwamba anastaafu, miaka 37, wiketi mia sita. Mpira wa mwisho aliorushiwa maishani aliupiga sita. Australia wakifukuzia 384, zimebaki wiketi mbili, ndani wako Todd Murphy na Alex Carey, wanaanza kunusa ushindi. Broad akaenda kwenye wiketi akabadilisha vile vijiti vidogo vya juu, cha kulia akakiweka kushoto, ujinga wake wa siku zote, na mpira uliofuata Murphy akagusa, akadakwa. Halafu ikabaki wiketi moja, na Carey bado yuko ndani. Broad akarusha, Carey akagusa, mpira ukaenda nyuma kwa kipa.

Kipa alikuwa Jonny Bairstow. Akaudaka.